Ubongo wa inverta uandikwe Afrika Mashariki

Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa nyika uliwaka katika Pito la Cajon, karibu na mji wa San Bernardino, California. Moshi na joto vilizifikia nyaya za msongo mkubwa zinazopita pale, na hitilafu zikaanza kutokea moja baada ya nyingine. Mojawapo ilitokea kwenye njia ya kilovolti 500, na mitambo ya ulinzi ikaiondoa kwa kasi ya kufumba na kufumbua. Hilo ni jambo la kawaida kwa gridi. Lililowashtua wahandisi ni lile lililofuata: karibu megawati 1,200 za umeme wa jua zilitoweka papo hapo, jua likiwa linawaka vilevile juu ya mashamba ya paneli.

NERC, chombo kinachosimamia uthabiti wa gridi za Amerika Kaskazini, kilichunguza na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Kisa kilikuwa ndani ya programu za inverta, yaani mashine zinazougeuza umeme wa paneli uwe umeme wa gridi. Nyingi zilipima masafa ya umeme kwa kipande kifupi mno cha wimbi. Wimbi lilipovurugika kwa muda usiofika hata robo sekunde, zikaamini kwamba masafa ya gridi nzima yameporomoka, zikajitoa. Nyingine ziliona volti imeshuka, zikaacha kutoa mkondo kwa muda. Dawa iliyopendekezwa haikuhitaji shaba mpya wala transfoma mpya. Inverta zilitakiwa kufundishwa kusubiri kidogo kabla ya kujitoa.

Mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, ulioanza kazi rasmi Desemba 2019 na ambao Kenya inajivunia kwa haki kabisa, una uwezo wa megawati 50. Kilichopotea California siku ile ni sawa na Garissa 24 kuzimika kwa pamoja, kwa sababu ya namna mtu fulani alivyoandika hesabu ya kupima masafa.

Afrika Mashariki inaingia sasa katika zama ambazo maelfu ya paa zitakuwa mitambo midogo ya umeme. Mjadala wake umebaki kwenye paneli na betri: bei gani, waranti ya miaka mingapi, za nchi gani. Mfumo wa udhibiti, yaani ule ubongo unaoamua inverta ifanye nini kila sekunde, hautajwi. Na hapo ndipo gharama inapoweza kushushwa kwa akili, na hapo ndipo inaposhushwa kwa hatari. Wahandisi wa ukanda huu wana uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Wanachokosa ni kuagizwa, kupewa maabara na kununuliwa walichotengeneza.

Ukifungua kifuniko cha inverta ya kilowati 3, ya kutosha nyumba moja, macho yanavutwa kwanza na vitu vizito. Kuna bamba la alumini lenye mbavu za kupoza joto. Kuna koili za waya wa shaba uliozungushwa kwenye pete nene. Kuna kapasita zilizosimama safu, mfano wa makopo madogo, na relei zinazolia "tik" asubuhi mashine inapojiunga na gridi. Pembeni, kwenye bodi ya kijani, kuna chipu yenye ukubwa wa ukucha. Bei yake ni dola chache tu. Lakini chipu hiyo, pamoja na programu iliyo ndani yake, ndiyo inayoamua vile vitu vizito viwe vikubwa kiasi gani, na kwa hiyo mashine nzima iuzwe kwa bei gani.

Kazi yake ni ya kasi ya ajabu. Paneli hutoa mkondo mnyoofu. Gridi inataka mkondo geu, unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Katikati kuna transista nne zinazofunga na kufungua, tuseme mara 20,000 kwa sekunde, ili kulichonga wimbi linalofanana na la gridi. Kila duru ina mikrosekunde 50. Katika muda huo chipu inapima mkondo na volti, inakadiria wimbi la gridi limefika wapi, inalinganisha mkondo uliopo na ule unaotakiwa, inakokotoa transista zikae wazi kwa muda gani, kisha inaanza upya. Kujiunga na gridi ni sawa na mpiga kasia anayeingia kwenye mtumbwi uliokwisha kushika mwendo: hana budi kuupata mdundo kwanza, ndipo atie kasia majini.

Chipu za kuifanya kazi hiyo si adimu tena. Familia ya STM32G4, iliyotolewa na STMicroelectronics mwaka 2019, hupiga mapigo milioni 170 kwa sekunde, kwa hiyo katika zile mikrosekunde 50 ina mapigo 8,500 ya kufanyia hesabu. Texas Instruments wana familia ya C2000, inayojulikana sana katika fani hii. Zote zinaagizwa na yeyote, na miongozo yake inapatikana bila malipo. Hesabu zenyewe nazo ni mali ya umma. Robert Park alichapisha mwaka 1929 njia ya kuyageuza mawimbi ya fezi tatu yaonekane kana kwamba yamesimama. Edith Clarke, aliyekuja kuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Texas, alichangia mageuzi mengine ambayo hadi leo yanabeba jina lake. Mbinu za kuufuata mdundo wa gridi ya fezi moja zimechapishwa kwa kina na watafiti, hasa wa Denmark, tangu miaka ya 2000. Hakuna siri iliyofungiwa kwenye sanduku hapa. Kinachouzwa ghali ni uzoefu wa kuzipanga hesabu hizo zisiyumbe.

Mfano wa kapasita unaonyesha vizuri namna hesabu inavyogeuka fedha. Umeme wa fezi moja hauendi kwenye gridi kwa mtiririko ulio sawa. Mara 100 kwa kila sekunde, nguvu inayotoka hupanda hadi mara mbili ya wastani, kisha hushuka hadi sifuri, ilhali paneli zinaendelea kutoa nguvu ileile. Tofauti hiyo lazima itunzwe mahali, na mahali penyewe ni kapasita. Katika inverta ya kilowati 3 yenye volti 400 upande wa ndani, kapasita ya mikrofaradi 1,000 huifanya volti hiyo iyumbe kwa takriban 24 kutoka chini hadi juu. Ukiweka mikrofaradi 400 pekee, myumbo unafika 60. Kwa mtazamo wa haraka hilo linatisha. Lakini kilele cha wimbi la volti 240 ni karibu 340, na volti ya ndani ikishuka hadi 370 bado iko juu yake kwa nafasi nzuri.

Tatizo linabaki kwenye programu. Programu iliyoandikwa kivivu itauona myumbo huo kama kosa, itahangaika kuusahihisha, na mkondo unaokwenda kwenye gridi utachafuka kwa mawimbi ya hezi 150. Programu iliyoandikwa na mtu anayeielewa mashine inajua kwamba myumbo wa hezi 100 ni wa asili. Inauchuja kwenye kipimo, inaendelea kudhibiti wastani wa volti, na kwenye hesabu ya transista inazingatia volti halisi ya papo hapo. Kwa mistari michache, zaidi ya nusu ya kapasita imeondolewa.

Faida haiishii kwenye bei ya ununuzi. Kapasita za elektroliti ni adui wa joto: kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Inverta nyingi katika ukanda huu hufungwa chini ya paa la bati au kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, iwe Lodwar au Dodoma. Mahitaji ya kapasita yakipungua, inawezekana kutumia zile za filamu ya plastiki, ambazo huvumilia zaidi na hazikauki. Mashine inayokufa mwaka wa 5 wakati mkopo wake unalipwa kwa miaka 7 ni hasara kwa familia, hata kama siku ya kununua ilionekana rahisi.

Vihisi vya mkondo ni sehemu nyingine. Njia iliyozoeleka ni kutumia vihisi vya sumaku, vizuri na salama lakini vya bei. Njia ya bei ya chini ni kupitisha mkondo kwenye kipande kidogo cha chuma chenye ukinzani mdogo mno, tuseme miliomu 2, na kupima volti inayojitokeza. Inverta ya kilowati 3 hutoa ampea 12.5 kwa volti 240, na kipande hicho kitapoteza takriban theluthi moja tu ya wati. Ubaya wake ni kwamba vipimo vidogo namna hiyo huhama kadiri joto linavyobadilika. Kosa dogo la kipimo humaanisha inverta inaingiza mkondo mnyoofu kidogo kwenye gridi bila kujijua, na transfoma za mitaani hazipendi mkondo mnyoofu: chuma chake hushiba sumaku, hupata moto na kunguruma.

Hapa tena programu inaokoa. Kila alfajiri, kabla relei hazijafunga, kuna dakika ambazo mkondo unajulikana kwa hakika kuwa sifuri. Chipu ikichukua vipimo wakati huo, inajua kihisi kimehama kiasi gani, na inakitoa kiasi hicho kwenye hesabu za siku nzima. Mchana, inaendelea kuangalia wastani wa kila wimbi ili kunusa kosa linalojijenga. Huo ndio unafuu wa haki: kihisi cha bei ndogo, pamoja na hesabu inayokilea.

Kuna pia chujio la koili na kapasita linalosafisha mkondo kabla haujatoka. Chujio hilo lina tabia ya kutikisika kwa masafa yake lenyewe, na njia ya kale ya kulituliza ni kuweka vikinza vinavyoupoteza mtikisiko huo kwa njia ya joto. Programu inaweza kufanya kazi hiyo bila kuchoma wati hata moja. Tena watafiti wameonyesha kwamba masafa ya mtikisiko yakiwa juu ya moja ya sita ya kasi ya upimaji, kuudhibiti mkondo unaokwenda kwenye gridi kunatosha kuutuliza mfumo bila kihisi cha ziada. Chipu inayopima mara 20,000 kwa sekunde ina mpaka wake kwenye hezi 3,333 hivi.

Ila kuna sharti moja, na sharti hilo linagusa vijiji vya Afrika Mashariki moja kwa moja. Waya mrefu wa umeme nao ni koili. Nyumba iliyo mwisho wa njia ndefu inaongeza ukinzani na tabia ya sumaku ya waya wote huo kwenye chujio la inverta, na masafa ya mtikisiko yanashuka. Inverta iliyotulia kabisa katika maabara, au katika mtaa wenye transfoma jirani, inaweza kuvuka mpaka na kuanza kuyumba ikifungwa kwenye nguzo ya mwisho. Mwenye nyumba ataona mashine inajizima na kujiwasha bila sababu. Fundi atabadilisha bodi, kisha atabadilisha mashine, na kosa litabaki palepale kwa kuwa limo kwenye hesabu.

Volti nayo hupanda kwenye njia kama hizo. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 1 kutoka transfoma hadi nyumbani. Ampea 12.5 zikirudi kwenye gridi, volti ya nyumba hiyo inaongezeka kwa 12.5. Majirani watatu wenye sola kwenye waya uleule wataharibiana. Programu inayojua kupunguza nguvu pole pole volti inapopanda, au kuhamisha wakati wa mkondo kidogo ili kuivuta volti chini, inawawezesha wote watatu kuendelea kuuza umeme. Ile isiyojua itamkata mmoja kila adhuhuri, mara nyingi yule aliye mbali zaidi.

Kisha kuna jenereta. Hoteli, hospitali na viwanda vingi vya ukanda huu huwasha jenereta ya dizeli gridi inapopotea, na sola iko paani ikitaka kuendelea kufanya kazi. Masafa ya jenereta hupepesuka kila mashine kubwa inapowashwa. Zaidi ya hapo, sola ikizidi mahitaji, umeme unarudi kwenye jenereta na kuigeuza mota, jambo linaloweza kuiharibu. Udhibiti wa hali hiyo unataka mtu anayeijua. Mhandisi wa Kassel, Ujerumani, au Shenzhen, China, anaweza kulitatua tatizo hili, lakini si lake la kila siku. Mhandisi wa Mwanza au Kisumu hulikuta kazini.

Kenya imeshafungua mlango kisheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingia makubaliano ya kubadilishana umeme na gridi, na kanuni zake zikatoka mwaka 2024. Mteja hupewa nusu ya kile alichopeleka: kwa kila uniti mbili zinazokwenda kwenye gridi, moja inaandikwa kwenye hesabu yake. Mtu anaweza kubishana kama nusu inatosha. Lisilobishaniwa ni kwamba kwa mapato ya kiasi hicho, kila shilingi ya bei ya inverta inahesabika. Bei ya paneli imeporomoka kwa karibu asilimia 90 tangu mwaka 2010, kwa hiyo inverta na kazi ya kufunga vimechukua sehemu kubwa zaidi ya bili. Anayetaka mwalimu wa shule ya msingi au mwenye duka la rejareja auze umeme wa paa lake lazima ashughulike na bei hiyo.

Na ndipo kishawishi kibaya kinapoingia. Bei inaweza kushushwa haraka sana kwa kuondoa yasiyoonekana. Relei mbili zinakuwa moja. Kihisi cha mkondo unaovuja kinaondolewa. Jaribio la maabara linarukwa na cheti kinachapwa kwenye kompyuta. Siku ya kwanza, mashine hiyo na ile ya halali zinawasha taa ileile.

Tofauti inaonekana umeme unapokatika. Fundi wa shirika la umeme, TANESCO au Kenya Power, anapanda nguzo akiamini waya umekufa. Kama inverta ya mtaani haijatambua kuwa gridi imeondoka, waya huo una umeme na unaua. Kiwango cha IEEE 1547 kinaitaka inverta iache kulisha ndani ya sekunde 2. Namna ya kutambua ni ya werevu, na haihitaji kifaa cha ziada: programu inayasukuma masafa kidogo kidogo upande mmoja. Gridi ikiwepo, inayashikilia na hakuna kinachosogea. Gridi ikiwa imeondoka, masafa yanateleza hadi nje ya mipaka na mashine inajizima. Programu hiyo ni bure kwa maana ya vifaa, lakini inataka kujaribiwa kwa mamia ya hali tofauti, na majaribio ndiyo yanayogharimu.

Mkondo unaovuja una hatari ya namna hiyohiyo. Inverta za kisasa zisizo na transfoma ndani ni nyepesi na za bei nzuri, lakini paneli zake hazijatenganishwa na gridi. Mtu anayezisafisha paani akigusa waya uliochubuka, mkondo unapita mwilini mwake kwenda ardhini. Kiwango cha usalama cha IEC kinadai kwamba badiliko la ghafla la miliampea 30 liikate mashine ndani ya sekunde 0.3. Hapa hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya kihisi chenyewe. Anayekiondoa ili apunguze bei anauza kifo, na hilo lisemwe waziwazi na wasimamizi wa viwango, KEBS ya Kenya na TBS ya Tanzania kwa pamoja.

Kanuni mbovu nazo hugharimu sawa na mashine mbovu. Ujerumani ilijifunza hilo. Zamani sola ikiwa kidogo, kanuni ziliziagiza inverta za majumbani zijizime masafa yakifika hezi 50.2. Kufikia mwaka 2011, paa za Wajerumani zilikuwa na gigawati kadhaa za sola zilizosubiri alama ileile moja. Akiba ya haraka ya gridi nzima ya bara la Ulaya ilikuwa megawati 3,000. Masafa yangegusa 50.2 adhuhuri ya jua kali, Ujerumani ingepoteza nguvu inayozidi akiba hiyo kwa mkupuo. Mwaka 2012 serikali ilitoa agizo la kurekebisha mitambo zaidi ya 300,000, na mafundi wakaanza kuzunguka. Rekebisho lenyewe lilikuwa la kimantiki: badala ya kukata ghafla, mitambo ipunguze nguvu taratibu masafa yanapopanda.

Hawaii ilipata bahati nyingine. Mapema mwaka 2015, kampuni ya Enphase ilibadilisha mipangilio ya inverta ndogo zipatazo 800,000 kisiwani Oahu kwa siku moja, kupitia mtandao, bila fundi kupanda ngazi. Udhibiti ulioandikwa ukitarajia kubadilishwa uliokoa pesa ambazo Wajerumani walizilipa kwa miaka.

Lakini mkono unaoweza kurekebisha kutoka mbali unaweza pia kuzima kutoka mbali. Novemba 2024 iliripotiwa kwamba wateja kadhaa nchini Marekani walikuta inverta za kampuni ya Deye zimejifunga, kioo kikieleza kuwa hazikuruhusiwa kutumika huko. Kampuni ilisema ni utaratibu wa uhakiki unaojiendesha wenyewe. Machi 2025, watafiti wa usalama wa Forescout walichapisha udhaifu 46 mpya kwenye mifumo ya watengenezaji watatu wakubwa: Sungrow, Growatt na SMA. Bidhaa za kampuni hizo zinafungwa kote duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Nchi inayopanga kuegemea paa za wananchi wake kwa sehemu ya umeme wa adhuhuri ina haki ya kujua nani ameshika funguo, na programu iliyo ndani inafanya nini.

Wapo watakaosema kwamba China haishindiki. Huawei na Sungrow wameongoza soko la inverta duniani kwa miaka mingi, wananunua transista kwa mamilioni, na kiwanda cha Nairobi au Dar es Salaam hakiwezi kufikia bei yao. Kwa sanduku zima, hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Hakuna haja ya kushindana kwenye alumini na koili.

Bodi ya udhibiti ni jambo jingine. Ni ndogo, vipuri vyake vinaagizwa kwa bahasha, na thamani yake kubwa ni kazi ya akili. Maeneo ya Ziwa Viktoria na mashariki mwa Congo ni miongoni mwa yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, na radi ikipita, sehemu inayokufa kwa urahisi ni bodi hiyo. Transista zinaweza kuwa nzima, koili nzima, kasha zima, lakini mashine inatupwa kwa sababu programu imefungwa na bodi ya kubadilisha haiuzwi. Bodi ya udhibiti iliyosanifiwa hapa, yenye michoro ya wazi, ingeweza kuzifufua mashine za namna hiyo kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Fundi wa Gikomba au Kariakoo ana mikono ya kufanya kazi hiyo. Hana bodi wala mchoro.

Mfano wa uwazi upo. Huko Toulouse, Ufaransa, mradi wa OwnTech uliotoka katika maabara ya utafiti ya LAAS umeweka hadharani michoro na programu za bodi za kudhibiti umeme zinazotumia chipu ya STM32G4. Yeyote anaweza kuzichukua, kuzibadilisha na kuzitengeneza. Afrika Mashariki nayo si jangwa. Solinc imekuwa ikitengeneza paneli Naivasha tangu mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina kampuni ya vifaa vya semikondakta ndani ya eneo lake. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga kilowati 600 za sola kwenye paa zake mwaka 2014 na kina kituo cha utafiti wa nishati. M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mifumo midogo ya sola inayolipiwa kwa simu, na mamilioni ya watu wakaona kwamba kifaa cha bei ndogo chenye programu iliyofikiriwa kwa mazingira ya hapa kinaweza kufanya kazi kwa uhakika.

Kinachokosekana ni maabara ya kuthibitisha. Miradi ya mwaka wa mwisho ya wanafunzi wa uhandisi mara nyingi huishia kuwasha taa mezani, kwa kuwa kujiunga na gridi halisi kunahitaji cheti, na cheti kinahitaji vifaa vya kuiga gridi: chanzo cha umeme kinachoweza kushusha volti, kuyumbisha masafa na kujifanya kimekatika, kikirudia hivyo mamia ya mara usiku kucha. Vifaa hivyo ni ghali kwa chuo kimoja. Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, yenye mitambo ya gridi kama Soroti yenye megawati 10 nchini Uganda, Rwamagana yenye 8.5 nchini Rwanda, Mubuga yenye 7.5 nchini Burundi, na Kishapu mkoani Shinyanga inayoanza na awamu ya megawati 50, ni gharama inayobebeka. Maabara moja ya pamoja, inayokubaliwa na wasimamizi wa nishati, yaani EPRA ya Kenya, EWURA ya Tanzania na wenzao wote, ingemwezesha mbunifu wa Arusha kupata cheti kinachoheshimika hadi Kigali.

Wasimamizi nao wana kazi isiyohitaji bajeti. Wanaweza kuamua leo kwamba inverta yoyote inayoomba kujiunga na gridi ije na mipangilio ya ukanda huu: ivumilie mitikisiko mifupi, ipunguze nguvu taratibu masafa yanapopanda, isaidie kushikilia volti mwisho wa njia. Wanaweza kudai kwamba mipangilio hiyo ibadilike kwa idhini ya msimamizi wa gridi wa nchi husika, na kwamba mashine iendelee kufanya kazi hata ikikatwa kwenye seva ya mtengenezaji. Wakisubiri hadi paa ziwe laki tatu, watalipa bili ya Ujerumani.

Na kuna soko la kuanzia, kama serikali zitataka. Shule za sekondari na vituo vya afya vilivyo mwisho wa njia ndefu za umeme vinahitaji sola inayosaidiana na gridi dhaifu, ukubwa wa kilowati 3 hadi 10, mahali ambapo inverta za kawaida zinapata shida zaidi. Zabuni ya mashine 100 za namna hiyo, sehemu za nguvu zikiagizwa nje, bodi na programu vikitoka kwa timu za vyuo na karakana za ukanda huu, ingegharimu kidogo ikilinganishwa na mradi wowote mkubwa wa umeme. Masharti yake yaandikwe kwa vipimo: umri wa kapasita katika joto la nyuzi 45, muda wa kujizima umeme ukikatika, usafi wa mkondo kwenye waya mrefu, na michoro yote ikabidhiwe kwa umma siku mashine zinapopokelewa.

Miezi 6 ya kwanza mashine hizo zifungwe na virekodi vya data, na matokeo yachapishwe yote, yakiwemo ya zile zilizoshindwa. Wahandisi wa EPRA na EWURA wakishaziona kumbukumbu hizo watakuwa na msingi wa kuandika kanuni za paa zitakazofuata, kutokana na nyaya za Turkana na Kigoma zenyewe.